Almasi ya Mwadui na Masonara wa Paris

Muhula uliopita, katika mdahalo wa Jumamosi jioni, hoja iliyoletwa mbele yetu ilikuwa hii: "Mali ya nchi ni ardhi yake, wala si mikono ya watu wake." Mimi nilipangwa upande wa kuunga mkono, na kwa kuwa kwetu ni Shinyanga, niliona silaha yangu iko tayari. Nikasimama, nikawaeleza wenzangu habari za almasi ya rangi ya waridi iliyopatikana Mwadui mwezi wa Oktoba 1947, ambayo baadaye ilivaliwa kifuani na Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Nikasema, "Tazameni, udongo wetu ndio uliompamba malkia!" Watu wakapiga makofi sana. Ndipo mwalimu wetu wa Historia, aliyekuwa mwamuzi, akaniuliza swali moja tu: "Jiwe hilo lilipotoka ardhini lilifanana na kipande cha chupa. Ni nani aliyelifanya likawa pambo?" Sikuwa na jibu. Nikaketi, na upande wetu ukashindwa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilitafuta jibu, maktabani na wakati wa likizo, na sasa napenda kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu niliyoyapata. Jibu fupi ni kwamba almasi ile ilipachikwa katika pambo mwaka 1953 na mafundi wa kampuni ya Cartier mjini London. Lakini jibu hilo halitoshi, maana kampuni hiyo wakati huo ilikuwa na umri wa miaka zaidi ya mia moja, nayo ilikuwa bado mikononi mwa ukoo ulioianzisha. Ili kujua jiwe letu lilifika mikononi mwa nani, yatupasa turudi nyuma hadi Paris, mji mkuu wa Ufaransa.

Mwanzo wa kazi

Mwanzilishi wa kampuni alikuwa Louis-François Cartier, aliyezaliwa mwaka 1819. Hakuwa mtoto wa tajiri. Baba yake alikuwa fundi wa vyuma, na yeye alitiwa katika karakana ya sonara mmoja aitwaye Adolphe Picard ajifunze kazi. Mtu asidhani kuwa kujifunza usonara ni kazi ya siku mbili. Meza ya sonara wa Kifaransa imekatwa upande mmoja kama mwezi mchanga, fundi akakaa ndani ya kikato hicho, na chini yake hutundikwa ngozi. Kila apigapo tupa, mavumbi ya dhahabu huanguka katika ngozi ile, na jioni hukusanywa yote yayeyushwe tena. Mwanafunzi hufundishwa kwanza kwamba hata vumbi lina bei. Kisha ndipo hufundishwa kukata, kuunga, kung'arisha na kupachika vito.

Mwaka 1847 Bwana Picard alimwachia mwanafunzi wake karakana hiyo, iliyokuwa mtaa wa Rue Montorgueil. Huo ndio mwaka unaohesabiwa kuwa mwanzo wa kampuni. Haukuwa wakati mwema, maana mwaka uliofuata Wafaransa walimwondoa mfalme wao, na wakati wa ghasia nani anunuaye pete? Lakini Louis-François alivumilia. Miaka ya mwanzo vitu vingi alivyouza vilitengenezwa na mafundi wengine. Yeye alivichagua, akavinunua, akaviuza kwa faida ndogo. Mwaka 1856 akapata mteja mkubwa, Binti Mfalme Mathilde, aliyekuwa wa ukoo wa Napoleon, na miaka mitatu baadaye Malkia Eugénie mwenyewe akaagiza vyombo vya chai vya fedha. Katika biashara ya namna hii mteja mmoja mwenye jina huleta wengine kumi.

Mwaka 1874 mwanawe, Alfred, akaishika kazi. Alfred alikuwa mtu wa hesabu na tahadhari, akaikuza biashara polepole. Jambo kubwa alilolifanya, kwa maoni yangu, ni kuwaandaa wanawe watatu: Louis aliyezaliwa mwaka 1875, Pierre aliyezaliwa 1878, na Jacques aliyezaliwa 1884. Mwaka 1899, Louis akiwa amekwisha kuingia kazini pamoja na baba yake, walihamia namba 13 mtaa wa Rue de la Paix, mtaa wa maduka ya fahari kuliko yote ya Paris. Hapo ndipo jina la Cartier lilipoanza kuvuka bahari.

Ndugu watatu

Ndugu hawa waligawana dunia kama wakulima wanavyogawana shamba la baba yao, ila wao hawakuweka mipaka ya miiba. Louis alibaki Paris, akawa mkuu wa uchoraji na ubunifu. Duka la London lilifunguliwa mwaka 1902, mwaka wa kutawazwa Mfalme Edward wa Saba, na baada ya miaka michache likashikwa na Jacques. Pierre alikwenda Marekani, na mwaka 1909 likafunguliwa duka la New York. Kila mmoja alikuwa na kipawa chake. Louis alikuwa na jicho, Pierre alikuwa na ulimi wa biashara, na Jacques alikuwa na upole na ujuzi wa vito. Walikuwa wakiandikiana barua mara kwa mara kuhusu bei, wateja, mawe na mashaka yao.

Kanuni yao moja yafaa ikumbukwe na sisi wanafunzi, hasa wakati wa mazoezi ya hesabu: wachoraji wao walikatazwa kunakili vito vya masonara wengine. Waliruhusiwa kutazama maua, majengo ya kale, mazulia, vyombo vya Misri, Uajemi, Uchina na India, kisha wakachora kitu chao wenyewe. Kwa sababu hiyo vitu vyao vilikuwa vipya kila mwaka. Nitaeleza vitatu tu.

Madini yasiyochakaa

Jambo la kwanza ni platinamu. Kwa miaka mingi masonara wa Ulaya walipachika almasi katika fedha, kwa kuwa weupe wa fedha hupatana na weupe wa almasi. Lakini fedha ina aibu mbili. Kwanza, hewa huigeuza ikawa nyeusi, kama tulivyoona sote katika vikuku vya bibi zetu. Pili, ni laini, hivyo ili jiwe lisianguke lazima litiwe fedha nyingi, na pambo likawa nene na zito.

Platinamu haigeuki rangi, na nguvu yake ni nyingi mno, hata waya mwembamba kama uzi waweza kulishika jiwe. Kwa nini basi haikutumiwa zamani? Sababu yake ni moto. Fedha huyeyuka katika joto la nyuzi 962 za sentigredi, na dhahabu katika 1,064, lakini platinamu hudai nyuzi 1,768. Moto wa sonara wa zamani, wa kupuliza kwa mdomo, haukuweza kufika huko. Zilipopatikana taa za gesi zenye joto kali, masonara wakaanza kuijaribu, na Louis Cartier alikuwa miongoni mwa waliotangulia kuitumia kwa wingi, mwanzoni mwa karne ya 20. Mafundi wake walitengeneza mataji na vidani vyenye umbo la mashada ya maua, vyepesi kama lesi, hata mtu akitazama kwa mbali haoni madini kabisa, huona almasi tu zimeelea shingoni.

Saa isiyo na mashine

Jambo la pili ni saa. Mwaka 1904 Louis alimtengenezea rafiki yake Alberto Santos-Dumont saa ya mkono. Bwana huyu alikuwa Mbrazili aliyeishi Paris, hodari wa kurusha vyombo vya angani. Taabu yake ilikuwa kwamba rubani mikono yote miwili ina kazi, hawezi kuingiza mkono mfukoni kutoa saa. Saa za mkononi zilikuwako tangu zamani, lakini zilihesabiwa kuwa mapambo ya wanawake. Saa ya Santos, yenye uso wa mraba na mkanda wa ngozi, ilikuwa miongoni mwa zile zilizowazoesha wanaume kuvaa saa mkononi. Mwaka 1917 Louis akachora nyingine, Tank, ambayo umbo lake linasemekana limetokana na vifaru vya Vita Kuu vikitazamwa kwa juu. Zote mbili zingali zikitengenezwa hata leo.

Lakini ajabu kubwa ni saa ya mezani iliyoitwa saa ya siri, iliyotokea karibu na mwaka 1912. Mtengenezaji wake alikuwa fundi kijana aitwaye Maurice Couët. Uso wa saa hiyo ni kioo kitupu. Ukitazama waona upande wa pili, na katikati mishale miwili inazunguka, haikushikwa na kitu chochote.

Baba yangu ni fundi wa saa, ana kibanda sokoni. Likizo iliyopita nilimsimulia habari hii akiwa kazini, na kioo chake kimebanwa jichoni. Akacheka, akasema, "Mwanangu, mshale hauendi bila gurudumu. Hao wamekudanganya." Nikachukua karatasi, nikamchorea kama nilivyoona katika kitabu. Mishale haikushikwa na mhimili wa katikati. Kila mmoja umegandishwa juu ya kisahani chake cha kioo safi, na ukingo wa kisahani hicho una meno ya madini yaliyofichwa ndani ya fremu. Mashine imo ndani ya kitako cha saa. Yenyewe huzungusha visahani, na visahani huzungusha mishale. Macho huona mishale, visahani hayavioni. Baba aliitazama karatasi ile kwa muda mrefu, akakiondoa kioo jichoni, akasema, "Kumbe meno yako pembeni!" Kisha akaikunja karatasi akaitia mfukoni.

Asili ya hila hiyo ilikuwa ya mfanya mazingaombwe wa Kifaransa wa karne ya 19, Robert-Houdin. Couët aliitwaa, akaiboresha, akaifanya kuwa kito. Inasemekana hata wauzaji wa dukani hawakuelezwa siri yake, wasije wakaitoa nje.

Lulu na nyumba

Jambo la tatu ni safari. Ndugu hawa hawakungoja mawe yaletwe mlangoni. Mwaka 1911 Jacques alikwenda India, wakati wa sherehe kubwa za Delhi za kumtawaza Mfalme George wa Tano. Alikutana na wafalme wa Kihindi waliokuwa na masanduku ya zumaridi, yakuti na almasi. Aliona pia jinsi masonara wa India wanavyochonga zumaridi na yakuti katika umbo la majani na maua, jambo lisilozoeleka Ulaya. Katika miaka ya 1920 kampuni ikaunganisha mawe hayo ya kuchongwa na platinamu ya Paris, rangi nyekundu, kijani na buluu zikakaa pamoja kama matunda kapuni. Watu wa Ulaya na Marekani walivigombania vito hivyo. Naye Maharaja wa Patiala akapeleka mawe yake Paris, na mwaka 1928 akakamilishiwa kidani chenye almasi 2,930.

Mwaka 1912 Jacques alifika Ghuba ya Uajemi, akazuru Bahrain kutafuta lulu. Wakati huo lulu ilikuwa ghali kupita almasi. Wasomaji wa pwani watayaelewa maisha ya huko, maana majahazi ya Ghuba ndiyo yaliyokuwa yakija kwetu kwa pepo za kaskazi. Wakati wa joto manahodha walichukua wapiga mbizi hadi kwenye makao ya chaza. Mpiga mbizi alibana pua kwa kibanio, akafunga jiwe mguuni, akashuka na kapu lake, na mwenzake juu ya chombo akashika kamba ya kumvuta. Chaza wengi walifunguliwa bila kuonekana lulu hata moja, na wapiga mbizi wengi waliishi katika deni la nahodha wao maisha yao yote. Haya hayaonekani katika kidani, lakini yamo.

Bei ya lulu ilikuwa kubwa kiasi gani? Mwaka 1917 Pierre Cartier alitaka duka jipya New York. Tajiri mmoja, Morton Plant, alikuwa na jumba katika barabara ya Fifth Avenue, na mkewe alikuwa amependa mno kidani cha lulu cha mistari miwili kilichokuwa dukani kwa Cartier, kilichokadiriwa dola milioni moja. Wakakubaliana: Bwana Plant akatoa jumba, Pierre akatoa kidani pamoja na dola 100. Bibi akapata lulu, Cartier wakapata nyumba, na mpaka leo duka lao la New York limo humo.

Baadaye mambo yakageuka. Mjapani Mikimoto Kokichi na wenzake walikuwa wamegundua namna ya kumfanya chaza atoe lulu, kwa kumtia punje ndani ya mwili na kumfuga baharini. Lulu za kufugwa zilipofika katika masoko ya Ulaya, na baada yake ukaja mdororo wa biashara wa mwaka 1929, bei ya lulu za asili ilianguka. Kidani cha Bibi Plant kilipouzwa kwa mnada mwaka 1957, hakikufikia dola 200,000. Jumba lilikuwa limepanda thamani, lulu zilikuwa zimeshuka. Na huko Ghuba wapiga mbizi maelfu walipoteza kazi. Niliposoma habari hii nilianza kuona kosa la hotuba yangu ya mdahalo. Lulu ile haikubadilika hata chembe tangu 1917 hadi 1957. Kilichobadilika ni ujuzi wa watu.

Ndege katika tundu

Vita Kuu vya Pili vilipokuja, Wajerumani waliiteka Paris mwaka 1940. Mkuu wa ubunifu wa vito pale Rue de la Paix alikuwa mwanamke, Jeanne Toussaint, aliyepewa kazi hiyo na Louis mwaka 1933. Mwaka 1942, mji ukiwa bado umekaliwa na adui, kampuni ikatoa pambo lenye umbo la ndege aliyefungiwa tunduni. Kila Mfaransa alielewa maana yake. Mwaka 1944 Paris ilipokombolewa, likatoka pambo jingine: mlango wa tundu umefunguliwa, na ndege anapanua mbawa. Nimelitaja jambo hili kwa sababu watu hudhani vito ni upuuzi wa matajiri. Mara nyingi ni hivyo, lakini fundi mwenye moyo aweza kusema kwa dhahabu yale ambayo magazeti yamekatazwa kuyasema. Bibi Toussaint huyo huyo ndiye aliyesimamia mapambo ya chui, yaliyokuwa alama ya kampuni hata leo.

Jiwe letu lafika London

Sasa turudi Mwadui. Mgodi uligunduliwa mwaka 1940 na mjiolojia wa Kikanada, Dakta John Williamson, baada ya kutafuta kwa miaka mingi. Mwaka 1947, mwezi mmoja kabla ya harusi ya Binti Mfalme Elizabeth, likapatikana jiwe la rangi ya waridi lenye uzito wa karati 54.5. Karati moja ni gramu 0.2, hivyo jiwe zima lilikuwa na gramu 10.9 tu. Bwana Williamson akalitoa kuwa zawadi ya harusi. Tanganyika wakati huo ilitawaliwa na Waingereza, na mgodi ulikuwa mali yake. Wenyeji wa Shinyanga hawakuulizwa, na waliochimba hawakuandikwa katika kadi ya zawadi.

Mwaka 1948 jiwe lilikatwa London na kampuni ya Briefel na Lemer. Almasi ni ngumu kuliko vitu vyote vya asili vinavyochimbwa, hivyo hukatwa na kusuguliwa kwa unga wa almasi nyingine. Mkataji hutazama kwanza kwa siku nyingi, maana akikosea hakuna dawa. Kila uso autengenezao lazima uelekee pembe yake sawasawa, ili nuru ikiingia kwa juu igonge ndani na kurudi kwa mtazamaji badala ya kupotelea chini. Katika kazi hiyo jiwe hupungua. Almasi yetu ilibaki karati 23.6, yaani zaidi ya nusu ya uzito wake ilikwenda na mavumbi. Hata hivyo bei yake haikupungua, bali ilizidi. Hapo lipo jibu la mwalimu wangu: jiwe lilipoteza nusu ya ardhi yake, likapata thamani kwa mikono ya watu.

Mwaka 1953, mwaka wa kutawazwa kwa malkia, mchoraji wa Cartier wa London, Frederick Mew, alichora bizimu, yaani pambo la kubana nguoni, lenye umbo la ua. Petali zake tano, kikonyo na majani vikapachikwa almasi nyeupe, na katikati, mahali pa moyo wa ua, likawekwa jiwe la Mwadui. Mkuu wa kampuni ya London wakati huo alikuwa Jean-Jacques Cartier, mtoto wa Jacques, mjukuu wa Alfred, kitukuu cha yule mwanafunzi wa Bwana Picard. Malkia alilivaa bizimu hilo katika siku nyingi kubwa, pamoja na harusi ya mwanawe Charles mwaka 1981.

Kuachana kwa ukoo

Je, ukoo huo ungalipo kazini? La. Jacques alifariki mwaka 1941 na Louis mwaka 1942. Waliobaki hawakuwa na kamba ile iliyowafunga ndugu watatu. Kila duka lilikuwa na mrithi wake na hesabu zake. Duka la New York liliuzwa mwaka 1962 na Claude, mtoto wa Louis. Pierre alifariki mwaka 1964, na baada yake duka la Paris likauzwa nje ya ukoo. Jean-Jacques alishikilia London peke yake mpaka mwaka 1974, ndipo naye akauza. Maduka yote matatu yaliunganishwa tena baadaye chini ya wenye mali wengine, na leo Cartier ni sehemu ya kampuni ya Richemont ya Uswisi. Jina lipo mlangoni, ukoo haupo ndani.

Wazee husema umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu, nasi huimba maneno hayo bila kuyafikiri. Hapa nimeyaona kwa miaka: 1847 hadi 1974, miaka 127. Ufundi haukupungua, wateja hawakukosekana, lakini watu walipoacha kushauriana, mali ya mababu ikapata mnunuzi.

Mwaka 2009 mjukuu wa Jean-Jacques, Francesca Cartier Brickell, alikuta sanduku la zamani katika chumba cha chini cha nyumba ya babu yake. Ndani mlikuwa na barua za ukoo, zile zile ndugu walizokuwa wakiandikiana. Kwa barua hizo na masimulizi ya babu yake aliandika historia ya ukoo, iliyotoka mwaka 2019. Kama zingalichomwa, mengi yangalipotea.

Niliyojifunza

Kama mdahalo ule ungerudiwa, nisingehamia upande wa pili kabisa. Bila Mwadui, Bwana Mew angechora ua lisilo na moyo. Lakini sasa najua kwamba nchi yenye jiwe pasipo fundi hupata bei ya jiwe, na nchi yenye fundi hupata bei ya pambo. Mwaka 1947 sisi tulikuwa na jiwe tu. Leo Arusha kipo kituo cha serikali kinachofundisha vijana kukata na kung'arisha vito, na tanzanaiti ya Mirerani haina haja ya kuvuka bahari ili ipate uso. Wengine katika sisi wa Kidato cha Nne twaweza kufikiri juu ya kazi hiyo. Si kazi ya walioshindwa mtihani. Inataka hesabu ya pembe, kemia ya madini, uchoraji, na saburi.

Jambo la mwisho ni la nyumbani. Baba amekuwa akiniambia, "Kazi hii ya saa iishie kwangu, wewe soma." Najua anasema kwa mapenzi, kwa kuwa anajua mapato ya kibanda. Nami nitasoma. Lakini barua yake iliyofika wiki iliyopita ilikuwa na karatasi imekunjwa ndani, ile niliyomchorea. Amerekebisha mchoro wangu kwa kalamu nyekundu: magurudumu niliyoyachora yangezungusha mishale yote miwili kwa mwendo mmoja, na mshale wa saa ungekimbizana na wa dakika. Ameongeza magurudumu mengine, akahesabu meno yake pembeni, kumi na mbili kwa moja. Hakuandika neno lolote juu yake. Likizo hii, mtihani ukiisha, nitamwomba anipe kiti karibu na meza yake.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne